Kifua cha Babu

Kabla ya alfajiri kifuniko cha birika kilitetema kikikoroma jikoni, na Mwanaidi akashtuka. Tangu azikwe mwanawe, chochote kilichokoroma kilimshtua.

Mlangoni alikuwa Rukia, mdogo wake, akitoka hospitali kuu na kichanga chake. Alikuwa amemvua mtoto bangili za miguuni zisilie. Mama yao, Bi Sauda, aliliona hilo, akampokea Rukia mfuko.

"Wamempa dawa, dada. Inarekebisha kasoro ya kurithi kwenye mapafu. Walimpima siku ileile aliyozaliwa, kwa sababu ya..."

"Ya wangu."

"Ndiyo, dada."

Mtoto wa Mwanaidi alikoroma tangu kuzaliwa. Ukoo mzima ulicheka, ukasema amerithi kifua cha babu yake, ukampa na jina la babu. Hakupelekwa kwa daktari mpaka midomo ilipogeuka buluu.

"Wakati ule dawa ilikuwapo?"

Rukia alimtazama mama yake kwanza. "Ilikuwapo."

Bi Sauda akaketi mkekani taratibu. Ni yeye aliyechagua lile jina.

Mwanaidi hakunyoosha mikono kumpokea mtoto. Aliinama tu, akamwekea sikio kifuani. Pumzi ziliingia na kutoka bila sauti yoyote. Alibaki ameinama hivyo hata Rukia akachoka mikono, asithubutu kusogea.

"Nenda ukapumzike," Mwanaidi alisema mwishowe. "Kesho mlete tena. Simbebi, Rukia, usinipe nimbebe. Utamlaza tu hapo mkekani, nimsikilize."