Doa Jeupe kwenye Ramani ya Huzuni

Zamani nyumba ilisitiri mambo. Siku hizi mlango ndio unaoyaanika: kila mwezi ukiandama, kila kaya hubandika nje ramani ya huzuni yake, kama ilivyonaswa na vipimo vya ukutani.

Chausiku ndiye aliyewachorea watu wa mtaa wake. Kompyuta yake ilitandaza rangi kati ya mstari wa kiwango kimoja na kingine: njano kwa huzuni ndogo, nyekundu kwa iliyozidi, zambarau iliyokoza kwa msiba.

Mwezi huu akachora ya nyumba yake. Jikoni njano. Sebuleni wekundu kidogo, penye kiti cha marehemu mama mkwe. Kitandani kwa binti yao Mishi palitokea doa jeupe, lenye ukingo mwembamba wa zambarau.

Kombo, mumewe, alichungulia akiwa na kikombe cha chai. "Umeona? Kwa Mishi kweupe pe! Mtoto hana neno." Akatoka akipiga mluzi.

Chausiku aliukodolea macho ule ukingo wa zambarau. Kompyuta ile hupaka rangi hadi kiwango cha juu ilichopangiwa. Kinachokivuka, hukiacha kitupu kama karatasi. Na viwango alivipanga mwenyewe, akiamini hakuna nyumba itakayovivuka.

Akanyoosha kidole aongeze kiwango kimoja, doa lipate rangi yake. Mishi, aliyekuwa akichekacheka na simu tangu asubuhi, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Iache hivyo hivyo, Mama," alisema. "Baba amefurahi."