Anwani ya Ndani

Barua pepe chache za salamu ambazo Tunu alimwandikia bintiye kutoka kazini zilifika. Zile alizoandika nyumbani hazikufika hata moja kwa miezi mitatu, na binti alishaanza kuamini kwamba mama amemsusa.

Siku ya mapumziko Tunu aliketi sebuleni, akaiuliza kompyuta yake jina la seva ya barua, mtambo unaozipeleka barua pepe, linaelekea wapi. Ikamjibu kwa anwani ya humohumo ndani ya nyumba, badala ya anwani ya nje. Akafungua mipangilio ya rauta, kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, na kukuta mtu ameandika mstari kwa mkono: jina lile lipelekwe kwenye kompyuta ya Harub, mumewe.

Akaiwasha kompyuta hiyo. Barua zake zote zilikuwa humo, na kila moja imeshafunguliwa, hata ile aliyomweleza binti kuhusu uvimbe wa titi.

Harub akatoka chumbani na kikombe cha chai.

“Unatafuta nini humo?”

“Ulijua ninaumwa,” alisema Tunu. “Na kila siku ukaniuliza mbona sili.”

“Nilitaka kujua unamwambia nini huyo mtoto wako. Mimi hanipendi.”

“Ungeniuliza.”

“Ungenificha.”

Tunu aliufuta ule mstari kwenye rauta, kisha akazituma barua zote upya. Harub alibaki amesimama mlangoni, chai ikipoa. Tunu akavifuta kwa upindo wa kanga vidole vilivyogusa kompyuta ile, akavitazama, akavifuta tena, huku barua zikiondoka moja baada ya nyingine.