Shajara ya Pindo

Usijifanye hukuona. Ulikuwepo ukumbini siku mwalimu wa ushairi aliposhika kipaza sauti, ukapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Alisema wanafunzi wake wanaandika mashairi kwenye shajara za mtandaoni, kila mmoja kwa jina la kubuni ili asione haya, naye huzisoma zote arobaini na moja kila siku ya Mungu. Darasa lake lina wanafunzi arobaini. Hukuhesabu. Wala yeye hakuhesabu.

Na kweli alisoma, tusimsingizie. Akitoka kazini hata viatu havui, anazama kwenye kompyuta kama aliyetumbukia kisimani. Mkewe, mshonaji, alikaa na cherehani yake hatua tatu kutoka hapo. Mtandao wenyewe mwalimu aliujaribu kwanza kwenye simu ya mkewe, kuona kama unafunguka. Ulipofunguka, hakuwa na shida naye tena.

"Mwalimu," mkewe alimwita jioni moja. Naye alimwita hivyo hivyo, kama mtaa mzima. "Nina neno."

"Subiri, mama. Nasoma uchungu wa watu hapa."

Cherehani ikaendelea.

Aliyemliza kuliko wote alijiita Pindo. Wenzake waliandika mvua, maua na mapenzi ya kuazima. Pindo aliandika nyumba. Mwalimu alimtangaza mpaka kwenye kikao cha walimu: mtoto huyu ana moyo wa mtu mzima. Walipomuuliza ni yupi, akajibu kwamba kumchunguza mshairi ni kumvunjia heshima. Wakatikisa vichwa, wasomi wale, kama waliolishwa hekima kwa kijiko.

Jumatatu Pindo aliandika:

*Sahani nimefunika, chakula kimeshapoa,*
*Mlango nimeushika, mguu sijautoa.*

Mwalimu alipangusa miwani. Akamsomea mkewe kwa sauti, mkono ukipunga hewani.

"Umesikia hiyo? Wewe na vitambaa vyako huwezi kuelewa, lakini huyu anajua kuumia."

"Nimesikia." Mkewe alikata uzi kwa meno. "Utamjibu nini?"

"Ukweli. Mwanafunzi habembelezwi."

Akaandika papo hapo, vidole vikigonga kwa raha: mizani imetimia, vina vimekaa, ila mhusika wako ni mwoga. Beti kumi analia mlangoni na haondoki. Msomaji anachoka. Mtoe. Kesho nataka mwisho wa vitendo, si wa vitisho. Akampa kumi na sita kwa ishirini, kisha akaomba chai bila kugeuza shingo. Chai ikaja.

Kesho yake alirudi, akaketi na viatu vyake, akafungua kompyuta. Nyumba ilikuwa kimya. Akashukuru; angalau leo atasoma bila kelele za cherehani. Zamani zile za uchumba aliwahi kusema mlio wake unamtuliza, lakini nani anakumbuka? Mimi nakumbuka.

Pindo alikuwa ameandika tangu asubuhi. Safari hii hakukuwa na vina.

"Nimeutoa mguu, mwalimu, kama ulivyoagiza. Cherehani nimeibeba. Sahani ya leo jifunikie mwenyewe. Sasa acha kusoma. Inua macho hivi sasa, uangalie nani hayupo."