Tandala Achunguza Damu ya Pimbi

Pimbi wa Kilima cha Mawe, ambao wasiojua huwaita panya, walijulikana kote kwa ulevi. Simba akamtuma Tandala, aliyejivunia kutoonja pombe maisha yake yote, akawachunguze. Ikithibitika kwamba ulevi umo katika damu yao, wangefukuzwa wote kilimani.

"Umo katika damu," alisema Tandala kabla hajaketi. "Nayaona macho yenu."

"Karibu, Bwana Mkubwa," alijibu Bibi Pimbi. "Kaa kwanza siku tatu, uione vizuri hiyo damu."

Adhuhuri Tandala akaomba maji.

"Kisima ni kimoja, Bwana Mkubwa, na ufunguo anao Fisi. Hukifungua Ijumaa kwa Ijumaa. Lakini pombe yake hutuuzia kila asubuhi, tena huileta mwenyewe hadi mlangoni."

Siku ya kwanza Tandala alikataa. Siku ya pili alilamba ukingo wa kata. Siku ya tatu Simba alipofika kuchukua taarifa, alimkuta chali, pembe zimenasa kichakani, anamwimbia Fisi wimbo wa sifa.

"Kumbe na wewe!" alinguruma Simba. "Ulevi umo katika damu ya matandala pia?"

"Hasha, Mtukufu! Ukoo wetu ni safi. Mimi nilishikwa na kiu tu."

Bibi Pimbi akamsogezea kalamu.

"Basi liandike neno hilo, mjukuu wangu. Kiu. Ni herufi tatu tu, hata mlevi anaziweza."