Plasta ya Nyuma ya Sikio

Ilikuwa imebanduka tena. Plasta ndogo ya dawa, ya duara, ambayo mama aliibandika asubuhi nyuma ya sikio la binti yake, sasa ilikuwa sakafuni.

Mama, fundi wa kushona nguo, aliiokota akamgeukia mama mkwe wake.

"Mama, hii ni mara ya tatu."

"Sijaigusa mimi. Ila mjukuu wangu midomo imemkauka, unaona?"

"Si ndiyo kazi yake, kumkausha udenda!"

Kwa miaka saba udenda ulikuwa umewafungia ndani. Ulilowesha magauni matano kwa siku, ukamchubua mtoto kidevu. Njiani watu walikunja nyuso, wengine wakahamia upande wa pili. Mwishowe mama aliingiza cherehani chumbani, akawa hatoki. Siku ya kwanza ya plasta ndipo alipothubutu kukisukuma kiti cha magurudumu hadi barabarani, na hakuna aliyegeuka kuwatazama. Alirudi nyumbani akilia kwa furaha.

Na sasa mtu alikuwa anaibandua. Nani? Mume alikuwa safarini. Ndani walikuwa watatu tu, na mmoja wao hakuweza kusema wala kujifukuzia nzi. Mikono ile, daktari alishasema, asiitegemee.

"Tangu mwanzo hukuitaka hii dawa, Mama. Sema tu."

"Sikuitaka, kweli. Lakini sikuibandua."

"Basi imejibandua!"

Bibi alikunja kanga zake mbili, akazitia mkobani. "Nakwenda kwa wifi yako," alisema, machozi yakimlengalenga. Alipombusu mjukuu, mtoto alitoa mlio mrefu, akatikisa kichwa mpaka kiti kikagongagonga ukuta.

Mama alifunga mlango kwa ufunguo.

Kesho yake alibandika plasta mpya, akaibonyeza vizuri, akaketi kwenye cherehani. Nyumba ilikuwa kimya. Saa sita mchana aliinua macho kukata uzi, na katika kioo cha kabati akamwona binti yake nyuma yake.

Mkono wa kushoto ulikuwa unapanda. Ulitetemeka, ukateleza, ukapanda tena: kifuani, begani, shingoni. Vidole vilikwangua nyuma ya sikio mpaka plasta ikadondoka. Kisha mkono ukashuka taratibu, ukanyooka kuelekea kikombe cha maji kilichokuwa mezani.