Ngiri Ajipaka Parachichi

Zamani zile wanyama walipokuwa wakialikana harusi, Ngiri alikuwa karibu kuoa, na ngozi yake ilijaa ukurutu. Chakula chake asubuhi hadi jioni kilikuwa maandazi na soda. Aibu ikampeleka kwa Swala, ambaye ngozi yake iling'aa kama kioo.

"Dada yangu, unatumia nini?"

"Mie? Natumia parachichi na mchicha, basi."

Ngiri akarudi mbio, akaviponda vyote viwili, akajipaka kuanzia kwato hadi masikio, kisha akakaa juani akitafuna maandazi yake. Kila siku jirani yake Mbuzi, aliyepauka ngozi, alikuja kumsalimia na kumlamba mgongo mzima. Ngiri hakumkataza, aliona raha, kama bwana harusi anayesingwa.

Harusi ikafika. Ngiri alikuwa na ukurutu uleule, na nzi juu yake. Mbuzi alimeremeta hata wageni wakampigia vigelegele wakidhani ndiye bibi harusi.

"Swala, umenidanganya!" Ngiri akafoka. "Parachichi limemkubali Mbuzi, mimi limenikataa!"

Swala akacheka mpaka akakaa chini. "Kaka, natumia kwa kula! Nani alikwambia napaka?"

Ngiri akamgeukia Mbuzi kwa hasira. Mbuzi alikuwa bado anamalizia kumlamba sikio la kushoto.