Siku ya Pasaka na Idi

Wellars Sebagabo alisimama mlangoni pa wakwe, akafuta tabasamu, akavaa uso wa msiba, ndipo akabisha hodi. Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, mwaka 1999, pale Nengo, na kwa mara ya pili alikuwa amekuja kusikitika.

Uchumba wake na Liliane ulikuwa na sharti moja, nalo alilitunga mwenyewe. Baba wa msichana, Mzee Mbarushimana, ni Mwislamu. Mama, Mukamurenzi, ni Mkatoliki. Siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari, Wellars aliinuka mbele ya wazee wa pande zote, akakohoa kama askofu.

"Bon. Mi sitaki upande moja ujisikie mudogo. Harusi tutafanya siku Pasaka na Idi zitaanguka pamoja."

Wazee wakaipigia makofi hekima ile. Mukamurenzi akapaliwa na chai. Mzee Mbarushimana akamtazama sana.

"Siku ile tu, mwanangu? Hakuna ingine?"

"Ile tu, muzee."

"Sema tena, watu wote wasikie."

Akasema tena. Liliane akadakia kabla ya wote: "Mi nakubali."

Maskini, hajui alitendalo, alijisemea Wellars. Yeye alipitia seminari kabla ya kuukimbilia utajiri wa vitenge, na alijua Pasaka inavyopangwa: Machi, mchana na usiku vikishalingana, hungojwa mwezi ujae, kisha huja Jumapili yake. Idi ndogo huja mwezi ungali uzi angani. Idi kubwa huja siku yake ya kumi, haujajaa bado. Ili sikukuu hizo zikutane, mwezi ungepaswa kuwa mchanga na mpevu kwa wakati mmoja.

Na Wellars hakutaka kuoa. Alitaka depo ya Mzee, ghala lililo hatua chache kutoka mpaka wa Goma, ambamo mchumba wa binti hupanga marobota yake bila kuulizwa kodi. Alitaka pia pilau ya Idi na kuku wa Pasaka. Ng'ombe mmoja kwa hayo yote ilikuwa bei ya kutupa. Liliane angezeekea dirishani, ndiyo, lakini hilo halikumnyima Wellars usingizi hata usiku mmoja.

Mwaka wa kwanza sikukuu zilipishana siku tano. "Subira yavuta heri," aliwafariji, huku akiongeza mchuzi. Mwaka huu zilipishana wiki nzima.

"Karibu, mukwe," Mzee aliitika kutoka ndani.

Wellars aliingia, akampungia mkono Kimenyi, fundi kijana kutoka Kanama, aliyekuwa akitengeneza mlango wa depo tangu mwaka jana. Mlango wenyewe ulikuwa sugu, haukuwa na dalili ya kupona. Leo Kimenyi alikuwa amevaa koti.

"Pole, muzee," Wellars alianza, sauti ikitetemeka vizuri. "Imepita tena. Lakini mi nitangoja. Mapenzi haina haraka."

"Ngoja tu, mwanangu. Ila Jumamosi usikose kuja. Liliane anaolewa na Kimenyi."

Wellars alicheka. Kisha akagundua kwamba anacheka peke yake, akakoma.

"Na sharti yangu? Mulikubali mbele ya watu!"

"Nilikubali," Liliane alisema, akiweka birika mezani. "Baba anafunga kwa kuangalia mwezi, mama anafanya Pasaka kwa mwezi. Mutoto wa nyumba hii anajua tangu mudogo ile siku haiko. We ulisema hautanioa hata siku moja. Mi nikakubali."

Uso wa msiba ulirudi, safari hii bila kuvaliwa. Wellars alitazama nje. Ng'ombe wake alikuwa ametulia uani, ananyonyesha ndama.

"Donc munirudishie ng'ombe yangu!" alifoka. "Na ndama yake! Desturi iko: musichana akienda kwa mwingine, ng'ombe inarudi!"

"Ni kweli, itarudi," alisema Mzee Mbarushimana, akimmiminia chai kwa upole.

"Lini? Nataka siku! Taja siku!"

"Siku? Siku ulishaitaja we mwenyewe, mwanangu. Mara mbili, watu wote wakasikia."